Kiapo cha Lita Mbili

Mwanamume akitaka kuapa, ana vitu vingi vya kuapia. Anaweza kusema wallahi akanyamaza. Anaweza kuapia mbuzi wake, kofia yake, hata ndevu zake kama anazo. Mbwana wa Munje, dereva wa teksi, mtu mzima wa miaka arubaini na minne mwenye binti, Ummi, anayesoma bweni huko Kwale, alikaa barazani mbele ya duka, kikombe cha kahawa mkononi, akaapia mke.

Wala usidhani alikuwa na ugomvi naye. Mbwana alimpenda Fauzia mpaka wenzake wakimcheka. Ubaya wake ulikuwa ni ule mdomo. Mdomo wa Mbwana ulikuwa ukitangulia safari, akili ikaja nyuma kwa miguu.

Siku hiyo furaha ilikuwa imempanda kichwani, maana alikuwa amemaliza kuunda mtambo wa maji. Aliuona kwenye simu, akautazama wiki tatu mfululizo, kisha akaunda wake: chupa kubwa ya achari, ndani yake maji, magadi kidogo kama yale ya kuivishia maharage, na vijiko vinne vya chuma kisichoshika kutu. Vijiko vilikuwa vya Fauzia, vya sanduku la harusi, navyo havikuombwa. Waya mbili zilitoka kwenye betri ya gari zikashika vijiko, maji yakatoa mapovu bila moto, na ile hewa ya mapovu ikapita kwenye mpira wa dripu mpaka ndani ya injini. Hewa hiyo, Mbwana aliwaeleza watu, ni hidrojeni. Inawaka kuliko petroli, nayo inatoka majini, na maji tumepewa na Mungu. Petroli ilikuwa imefika karibu mia mbili kwa lita. Baraza zima lilimsikiliza kwa makini ambayo hata imamu hajapata kuyaona.

Aliyeharibu ni Garama, dereva mwenzake, Mduruma aliyeteremka kutoka Kinango baada ya kuchunga ng'ombe nusu ya maisha yake. Garama aliuliza tu, kwa upole, umeme wa kutoa mapovu unatoka wapi. Akaambiwa kwenye betri. Na betri inajazwa na nini? Injini. Na injini inakula nini? Hapo Mbwana akakohoa.

"Basi wewe, yakhe," Garama akasema, "unamkama ng'ombe, halafu unamnywesha yale yale maziwa, ukitaraji kesho akupe zaidi."

Baraza likaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa mgongo. Mbwana akasimama, kahawa ikammwagikia kanzu, akanyosha kidole kuelekea gari lake lililokuwa limeegeshwa upande.

"Gari hili likishindwa kwenda Ukunda na kurudi kwa lita mbili," alisema, "Fauzia nimemwacha. Na Jumamosi mtaona."

Kicheko kikakatika pale pale. Ustadhi Alamin, anayesomesha watoto madrasa na ambaye ndiye hushuhudia ndoa na talaka za mtaa, alibaki na kikombe mdomoni asinywe wala asitue. Kila mtu alikuwa akihesabu. Talaka ya kwanza Mbwana aliitoa miaka sita nyuma, kwa sababu Fauzia alimwambia mbele ya abiria kwamba hajui kuegesha. Ya pili aliitoa mwaka juzi, kwa sababu ya samaki wa kupaka: mgeni alipewa kichwa, yeye akapewa mkia. Zote mbili alizitoa asubuhi, akalia adhuhuri, akamrejea mkewe kabla ya magharibi. Lakini ya tatu haina kurejea. Ya tatu ikipita, mke huyo si wako tena mpaka aolewe na mume mwingine, na huyo mume mwingine amwache kwa hiari yake. Hesabu hiyo aliijua kila mtu barazani. Mbwana aliikumbuka alipokwisha kukaa.

"Zilikuwa mbili?" alimwuliza Ustadhi.

"Zilikuwa mbili."

Kutoka barazani mpaka nyumbani kwa Mbwana ni hatua mia tatu. Alipofika, habari ilikuwa imeshafika, imekaa, imeshapewa na maji ya kunywa. Fauzia alikuwa akikaanga viazi vya karai vya kuuza jioni, na pembeni yake, juu ya mkeka, alikuwa Bi Mbeyu, mama yake Mbwana, ameshika mwiko. Mwiko huo haukuwa na kazi yoyote ya jikoni.

Mbwana alitoa salamu. Mama yake akamjibu kwa mwiko wa bega. Kisha akamwuliza kwa kituo: akiondoka Fauzia, yeye mzee ataogeshwa na nani, atakandwa miguu na nani, na uji wake wa mtama utapikwa na ile chupa ya achari? Akamwambia kabisa, Fauzia akitoka mlango huu, na yeye yuko nyuma yake na godoro lake kichwani.

Fauzia aliopoa viazi, akavitia kwenye chujio, akafuta mikono. Hakulia.

"Baba Ummi, nasikia nimewekwa rehani."

"Si rehani, mama Ummi. Ni kuonyesha jinsi nilivyo na hakika."

"Na gari lisipofika?"

"Litafika."

"Sikukuuliza hilo."

Mbwana akatoa simu amwonyeshe tarakimu. Safari hiyo hula lita nne, na mtambo hupunguza petroli kwa asilimia hamsini, alisema, wengine huko duniani wamepata hata sitini. Fauzia alimwomba asiende hiyo Jumamosi, aliache gari, maneno yasahaulike. Mbwana akasema kutokwenda ni sawa na kushindwa, na watu watamcheka mpaka Lunga Lunga. Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Aliamini, masikini. Alikuwa anamwona Fauzia tayari ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari jipya, na petroli wanawaachia wajinga.

Fauzia aliogopa, tena sana. Akiachwa atakwenda kwa kaka yake Tiwi, alale chumba cha mifuko ya saruji, aamke kila siku apewe pole pamoja na chai. Lililomuuma zaidi ni kwamba mpumbavu huyu alikuwa anampenda, na hakutaka mwingine.

Siku zile mbili zilizobaki alionja mengi. Wanawake waliokuja kununua viazi walimwangalia kwa huruma, na mmoja akamwuliza kama ile kabati ataiuza. Mjane mmoja wa kiume, muuza papa mkavu, mwenye ndevu alizozipaka hina, alianza kumwamkia kwa adabu isiyo ya kawaida, akanunua viazi mara tatu siku moja ilhali hana meno ya kutosha. Ustadhi Alamin aliulizwa kama kiapo kinaweza kufutwa. Akasema ngoja atazame kitabu. Akazama humo kitabuni siku mbili, akawa anapita njiani nacho kwapani bila kumsalimia mtu.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, uwanja wa Mbwana ulijaa. Garama alichaguliwa kuwa msimamizi, maana ndiye mpinzani na hapana atakayesema anampendelea mtu. Alivuta petroli yote ya tangini kwa mpira, akatema mate mara kumi, kisha akatia lita mbili alizozipima kwa chupa ya mafuta ya kupikia, watu wakishuhudia. Kifuniko cha tangi kilipotea zamani, mahali pake pana kitambaa kilichosokotwa. Mtu mmoja akapendekeza pafungwe kwa kamba na lakiri. Ustadhi Alamin akasema hapana haja, watu wa Munje huaminiana. Garama akamuunga mkono upesi sana.

Kisha Mbwana akaenda kuoga. Alitaka kwenda Ukunda kama bwana harusi. Alioga akiimba, akafukiza kanzu kwa udi, akatafuta kofia, akaipata, akaiona haifai, akatafuta nyingine. Watu wakaitwa upande wa mbele kunywa chai, na gari likabaki peke yake ubavuni mwa nyumba.

Fauzia alitoka kwa mlango wa uani na chupa chini ya leso. Ndani yake mlikuwa na petroli lita moja na nusu, aliyoinunua jana kwa mwendesha bodaboda kwa pesa ya viazi. Hakujua kama anafanya dhambi. Alijiambia kwamba Mungu akitaka aachike, anaweza kulizima gari hata likiwa na tangi zima. Garama, aliyetakiwa kulinda pale, hakuwepo. Fauzia alitoa kitambaa, akamimina kwa haraka hata nyingine ikamwagikia mguu wake. Akarudisha kitambaa, akageuka, akamwona Garama anatokea kwenye kona, mikono nyuma.

"Umeamkaje, mama Ummi?"

"Salama. Wewe je?"

Garama alikuwa ananuka petroli, lakini tangu alfajiri mtu huyo alikuwa akivuta mpira kwa mdomo, kwa hiyo Fauzia hakumfikiria vibaya. Aliingia ndani, akavaa buibui lake jipya, akamwambia mumewe kwamba naye anakwenda.

"Safari ya wanaume, mama Ummi."

"Kama ni kuachwa, niachwe nikiwepo."

Wakaondoka wanne: Mbwana kwenye usukani, Ustadhi kando yake, Garama na Fauzia nyuma, na chupa ya achari imefungwa kwa kamba mbele ya injini, inatoa mapovu. Bi Mbeyu alishika mlango wa gari akaliombea dua, ndefu, mpaka Mbwana akamwomba Mungu aipokee hapo ilipofikia.

Kabla ya kufika barabara kuu, gari lilianza kutoa moshi mweupe ambao halijapata kuutoa. Mbwana nusura alie kwa furaha. Aliwaonyesha kwenye kioo: huo si moshi, ni mvuke, maji yanafanya kazi. Garama aliutazama, akautazama tena. Alikuwa dereva wa miaka kumi na minane na mvuke hajapata kuuona una harufu ya koroboi.

Gazi walipita. Kinondo walipita. Kwenye kizuizi askari mmoja aliwasimamisha kwa ajili ya ule moshi, akaomba kuona kinachowaka. Boneti ilipoinuliwa, akakuta chupa inachemka bila moto, mpira unatoka juu yake. Askari alizaliwa bara, na mtambo wa namna hiyo aliujua kwao. Akauliza nani humu anayepika gongo ndani ya gari linalokwenda. Ustadhi Alamin, mwenye kanzu na kilemba, aliteremshwa akaambiwa apumue. Alipumua. Mbwana akaeleza habari za hidrojeni robo saa nzima, mpaka askari akawaruhusu waende kwa sharti la kwamba anyamaze.

Ukunda walizunguka kituo cha mafuta bila kununua, Mbwana akipiga honi kwa makusudi. Kijana mmoja wa teksi, mtu wa Nairobi, akainua kidole gumba akasema hiyo kitu ni moto, budaa. Mbwana hakuelewa yote lakini aliipokea.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu. Walipoiacha Gazi, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Fauzia akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akawaza Tiwi na mifuko ya saruji. Ustadhi akasoma Ayatul Kursiyu mara tatu bila kupumzika. Garama, ambaye si Mwislamu, alisema amina zote tatu. Injini ikajikuna, ikarudi kwenye sauti yake, na gari likaenda. Lilikwenda mpaka Msambweni, likaacha lami, likapita barazani mbele ya duka, likasimama uwanjani kwa Mbwana katikati ya vigelegele.

Watu walimtoa Mbwana dirishani kwa sababu mlango uliwachelewesha. Walimbeba. Kofia ilianguka, hapana aliyejali. Fauzia alikumbatiwa na wanawake wote, na mmoja akamwambia basi ile kabati si neno. Muuza papa alionekana akienda zake taratibu.

Hapo mambo yangekwisha, kila mtu ale pilau. Lakini Mbwana alipowekwa chini akataka petroli iliyobaki ipimwe, ili dunia ijue mtambo umeokoa kiasi gani. Garama akasema hapana haja. Ustadhi akasema kupima sana ni kutoshukuru. Bi Mbeyu akasema amechoka, watu waende makwao. Mbwana mwenyewe akauchukua mpira, akavuta, akaelekeza kwenye chupa za lita moja moja.

Lita moja ikajaa. Watu wakashangilia. Ya pili ikajaa, nao wakanyamaza. Ya tatu ilipofika robo tatu, mpira ukakauka.

"Tulitia mbili," Mbwana alisema polepole. "Tumetoa mbili na robo tatu."

Akaanguka kifudifudi akasujudu mchangani. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. Gari halikula petroli, lilizaa. Uwanja ukapagawa. Mtu akasema Waarabu wameisha. Mwingine akasema Munje itakuwa na uwanja wa ndege. Watu wakaanza kuzitaja chupa za achari walizonazo nyumbani, na kuuliza fundi atatoza kiasi gani. Kache, mjane anayeshona makuti, ambaye mwanawe ana bodaboda, alijipenyeza mpaka mbele, akafungua fundo la leso, akaanza kutoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Alisema ni za bati za nyumba, lakini bati zitangoja.

Fauzia aliziona zile noti. Alijua kabisa akifungua mdomo, gari limeshindwa, na gari likishindwa yeye si mke wa mtu. Alimwangalia Mbwana anavyomeremeta. Katika miaka ishirini ya ndoa hajapata kumwona na furaha ya kiasi hiki, hata siku aliyozaliwa Ummi. Kisha akamwangalia Kache anahesabu.

"Kache, funga leso yako," alisema. "Lita moja na nusu ni yangu mimi. Niliitia asubuhi, huyu akioga."

Mbwana alimtazama mkewe, mdomo wazi, mpira mkononi. Fauzia hakuinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti yake ilikuwa imesimama.

"Sikutaka kuachwa. Ndiyo kosa langu."

Garama akakohoa. Akavua kofia. "Na mimi nilitia mbili," alisema. "Nilidhani niko peke yangu."

"Wewe? Wewe mpinzani wangu?"

"Nilikupinga wewe. Mama Ummi sina ugomvi naye."

Watu hawajapata pa kuiweka hiyo, Ustadhi Alamin akainua mkono, uso wake umemuiva. Yeye alitia lita moja. Kitabuni hakuona njia ya kukifuta kiapo, akaona walau atie petroli. Ndipo Bi Mbeyu, kutoka mkekani, akauliza kwa hasira mbona wote wanamtazama yeye. Akakiri: nusu lita. Ya mafuta ya taa. Hakuwa na mengine.

"Mvuke," Garama alisema.

Basi hapo ndipo Munje ilipocheka. Watu walijishika kwenye kuta. Kache alikaa chini na pesa zake akacheka mpaka fundo likafunguka tena. Walicheka wakataja kila kimoja kwa jina lake, mvuke, gongo, uwanja wa ndege, na kila walipokaribia kunyamaza mmoja akasema mbili na robo tatu wakaanza upya. Mbwana alikaa juu ya gurudumu kuukuu. Kanzu ya udi ilikuwa na michanga ya sijida magotini. Hakujitetea, na chupa yake ya achari hakuigeukia hata mara moja. Alimgeukia Ustadhi.

"Basi nimemwacha?"

Alisema kwa sauti ndogo mno, lakini kicheko chote kilimsikia kikakoma. Mama yake akauweka mwiko chini.

Ustadhi Alamin alifikiri, na safari hii hakuhitaji kitabu. Akasema kiapo kilitaka gari lishindwe kwa lita mbili. Gari hili lilitembea kwa lita saba, moja yake ikiwa yake mwenyewe, Mungu amsamehe. Halikushinda, wala halikushindwa, kwa sababu halikujaribiwa. Fauzia ni mke wa Mbwana.

Vigelegele vikainuka. Ustadhi akavizima kwa mkono.

"Lakini neno halikufutika, Mbwana. Liko pale pale ulipoliacha. Siku yoyote gari hili likitiwa lita mbili tupu, likaelekezwa Ukunda, likazima njiani, na dereva awe nani awe, ndoa yako imezimika nalo. Ya tatu."

Mbwana akasema kwa haraka kwamba hapana mtu atakayelijaribu tena, wallahi, chupa ataivunja sasa hivi. Fauzia alikuwa ameshapiga magoti kando ya gari. Alichukua zile chupa mbili zilizojaa, akazifunga vifuniko kwa nguvu, akazifuta kwa leso, akasimama nazo, moja kila mkono.

"Garama," alisema, "hizi ni mbili kamili?"

"Kamili, mama Ummi."

"Njia ya Ukunda unaijua?"

Garama akamtazama Mbwana, akamtazama Fauzia, akashindwa kuuzuia mdomo usicheke. "Naijua vizuri. Na nina nafasi siku zote."

Bi Mbeyu akanyosha mikono yake miwili kutoka mkekani. "Zilete kwangu, mwanangu. Nitakuwekea."

Fauzia akamkabidhi mkwewe chupa zote mbili. Kisha akamgeukia mumewe aliyekaa juu ya gurudumu, akamkung'uta mchanga begani kwa upole, mara mbili, kama anavyomfanyia kila Ijumaa kabla ya sala.

"Mimi sitakupigia kelele tena, baba Ummi," alisema. "Wala sitakimbilia Tiwi. Siku nitakayochoka, nitakuomba ufunguo wa gari."